Neno Dogo Lisidharauliwe

Yako mazoea katika shule zetu za Mbulu na Hanang ambayo sisi twayapinga, na leo twataka kuyapinga kwa maandishi ili kila mtu apate kutujibu kama ana jibu. Mwalimu wa Kiingereza huandika ubaoni kanuni moja, watoto huiimba pamoja mpaka sauti ikavuka barabara, kisha mwalimu huifuta na kuihesabu kuwa imekwisha fundishwa. Kesho yake huandika nyingine. Hivyo watoto hutoka shuleni na kanuni hamsini vichwani, wala hawana sentensi moja ya Kiingereza waliyo na hakika nayo.

Tutachukua kanuni moja tu, ipate kuwa mfano wa zote. Nayo ni ile inenayo ya kuwa kielezi hulitangulia neno la kutendwa. Kielezi, kama mjuavyo, ni neno linaloeleza tendo limetendwaje, au lini, au wapi, au kwa kadiri gani: vizuri, jana, hapa, kabisa. Neno la kutendwa ni lile ambalo Waingereza huliita “past participle”, kama vile “written”, “built”, “paid”, “damaged”. Basi mtoto huambiwa asiandike “damaged badly”, aandike “badly damaged”, na hapo somo limekwisha.

Sisi twasema halijaisha. Kanuni hii si uongo, lakini ni nusu ya kweli, na mtoto aliyepewa nusu akaambiwa kwamba ni nzima amedhulumiwa. Tena twasema ya kuwa nusu iliyobaki haiwezi kufundishwa vema mpaka Kiswahili kimeitwa darasani kiwe mkalimani. Na tena twasema ya kuwa jambo hili si la mtihani peke yake, maana lagusa afya, fedha na ardhi za watu wetu. Haya matatu tutayaeleza kwa taratibu.

Kwanza tuitazame lugha yetu wenyewe. Neno “imeandikwa” mwalijua sana, maana halipiti juma msilisikie kanisani. Ni neno moja, lakini ndani yake mna sentensi nzima. Ile i- ya mwanzo yataja kitu kinachosemwa, -me- yaonyesha kwamba jambo limetimia, andik- ni tendo lenyewe, na ile w ndogo karibu na mwisho yaligeuza tendo liwe la kutendwa. Viungo hivi vyote vimeshikamana kama mawe ya ukuta, wala huwezi kulipenyeza neno “vizuri” katikati yake. Kwa hiyo kielezi hungoja nje, na mahali pake pa kawaida ni baada ya tendo: imeandikwa vizuri, imelipwa kamili, ilijengwa zamani.

Kiingereza hakina w hiyo. Mahali pake chatumia kitenzi kisaidizi pamoja na neno la kutendwa: “is written”, “was built”, “was damaged”. Na kwa kuwa hayo ni maneno mawili yaliyosimama mbalimbali, kati yake pana nafasi, na Waingereza hupenda kukiweka kielezi katika nafasi hiyo: “The bridge was badly damaged.” Sisi husema, daraja liliharibika vibaya. Tena wakitaka kulipambanua jina kwa maneno hayo, hulitanguliza lote pamoja: “a newly built school”. Sisi husema, shule iliyojengwa karibuni. Tazameni jinsi mpango wote ulivyogeuka. Jina lililokuwa la kwanza kwetu limekuwa la mwisho kwao, na kielezi kilichokuwa cha mwisho kwetu kimekuwa cha kwanza kwao. Mtoto asiyeonyeshwa mageuzo haya ataandika “a built newly school”, nasi tutamwita mjinga, hali amefuata kwa uaminifu njia ya lugha aliyoizoea.

Tena tukumbuke mtoto huyu ni nani. Ni mahali pachache barani Afrika ambapo lugha za asili mbalimbali zimekaribiana kama katika wilaya zetu. Kiiraqw ni cha jamaa ya lugha za Kikushi, Kidatoga ni cha jamaa ya Kinilo, Kihadza cha watu wa bonde la Yaeda kimesimama peke yake bila ndugu ajulikanaye kwa hakika, na Kiswahili ni cha Kibantu. Kwa watoto wetu wengi Kiswahili ni lugha ya pili, na Kiingereza ni ya tatu. Mtoto wa Kiiraqw amezoea nyumbani kwake kukiweka kitenzi karibu na mwisho wa sentensi, na mtendwa hukitangulia. Basi kutanguliza neno mbele ya kitenzi si jambo geni kwake. Lakini ni nani ampaye habari hiyo njema? Twamwambia tu aimbe.

Sasa tuitazame ile nusu ya kanuni iliyofichwa.

Vielezi vya siku na vya mahali havikai kati ya kitenzi kisaidizi na neno la kutendwa. Katika maneno ya kawaida Mwingereza huandika “The children were vaccinated yesterday”, yaani watoto walichanjwa jana. Hasemi “were yesterday vaccinated”. Kadhalika husema “were vaccinated here”. Mtoto aliyeimba kwamba kielezi hutangulia ataikosa sentensi hii kwa sababu ya utii wake, na utii huo tumempa sisi.

Tena vitenzi visaidizi vikiwa viwili, jambo hugeuka. Twaandika “The fees have already been paid”, lakini twaandika “The fees have been fully paid”. Maneno “already” na “fully” yote mawili ni vielezi, na neno la kutendwa ni lile lile “paid”. Mbona viti vyao ni mbalimbali? Sababu yake ni hii: “already” laeleza wakati wa jambo zima, kwamba limekwisha kuwa, nalo “fully” laeleza kadiri ya malipo yenyewe, kwamba ni kamili. Kila kielezi hupenda kukaa karibu na kitu kinachokigusa. Hili ndilo shina la habari yote, na mtoto aliyelielewa aweza kujipatia kanuni nyingi yeye mwenyewe, wala hana haja ya kuziimba.

Tena mahali pa kielezi hubadili maana. “The boy was told clearly” maana yake mvulana aliambiwa waziwazi, kwa maneno yasiyo na fumbo. Lakini “Clearly, the boy was told” maana yake ni dhahiri kwamba mvulana aliambiwa. Msemaji anatoa hukumu yake, wala haelezi namna ya kuambiwa. Kadhalika “The thief was rightly punished” husema kwamba mwizi alistahili adhabu, na anayesema “The thief was punished in the right way” asema neno lingine, kwamba adhabu ilitolewa kwa namna ipasayo. Mtu aweza kustahili adhabu kisha akaadhibiwa kwa namna isiyofaa. Mzee yeyote aliyeketi katika baraza la kijiji ajua ya kuwa hayo ni mashauri mawili.

Tena liko neno la kukanusha. “The debt was not paid” maana yake deni halikulipwa. “The debt was not fully paid” maana yake lililipwa kwa sehemu, baki ipo. Kielezi kimoja kimeingia, na mtu aliyekuwa mdaiwa mkaidi amekuwa mdaiwa anayejitahidi. Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya Kiingereza tu. Sisi nasi twajua kuyapambanua: deni halikulipwa lote, yaani kuna kilicholipwa, deni lote halikulipwa, yaani hata shilingi haikutoka. Mtoto wa darasa la tano aliyetumwa dukani ajua tofauti hiyo. Mwalimu angeanza hapo, angekuta mlango umekwisha funguliwa.

Tena uko mtego wa vielezi vyenyewe. Watoto hufundishwa kwamba neno la sifa likitiwa “ly” mwishoni huwa kielezi, na mara nyingi ni kweli. Basi mtoto akitaka kusema kwamba shamba la baba yake lililimwa kwa bidii, huandika “The farm was hardly worked”. Kanuni ya mahali ameishika bila kosa, maana kielezi kimelitangulia neno la kutendwa barabara. Lakini Mwingereza akiisoma sentensi hiyo huelewa kwamba shamba lile halikuguswa ila kidogo sana. Neno la bidii ni “hard” pasipo “ly”, nalo hukaa nyuma: “was worked hard”. Mtoto alitaka kumsifu baba yake, na ile kanuni imemfanya amsingizie uvivu.

Neno letu “sana” nalo lataka mwalimu mwenye subira. Kwetu neno hili moja hutumika katika mambo mengi: alijeruhiwa sana, anaheshimiwa sana, anajulikana sana, alipendwa sana, pamebadilika sana. Mtoto hulitafsiri kila mara kwa “very”, akaandika “He was very injured”. Kiingereza hakikubali hivyo kwa urahisi. Kila neno la kutendwa lina mwenzake lililomzoea: “badly injured”, “highly respected”, “widely known”, “deeply loved”, “greatly changed”. Ni kama maksai wa kulimia. Mkulima wa Hanang ajua ya kuwa ng'ombe wawili waliozoeana huvuta jembe sawasawa, na ukimwondoa mmoja ukafunga mwingine asiyezoea, mfereji huenda upande. Maneno hayo yafaa yafundishwe yakiwa jozi tangu siku ya kwanza, wala si kielezi leo na neno la kutendwa mwezi ujao.

Na jozi nyingine hudanganya. “Water is badly needed” haina maana ya kwamba maji yanahitajiwa kwa namna mbaya. Maana yake yanahitajiwa mno. Ajabu ni kwamba hata sisi husema mtu amechoka vibaya, tukikusudia amechoka mno. Kama mwalimu angelitaja jambo hilo kwa Kiswahili, watoto wangecheka kidogo na wasingelisahau. Lakini Kiswahili kimefukuzwa chumbani, kwa hiyo mwalimu huandika tu “badly = vibaya”, na watoto hunakili.

Tumefika kwenye mwiba. Twajua kwamba watu wengi, wazazi pamoja na walimu, huamini ya kuwa Kiingereza hujifunzwa kwa kukifukuza Kiswahili. Kwa sababu hiyo shule nyingine huweka adhabu kwa mtoto asemaye lugha yake. Si jambo la jana. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa wakati wake walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kikikuyu shuleni. Sisi twauliza, adhabu hiyo ilimfundisha nani mahali pa kielezi? Yafundisha kunyamaza. Mtoto aliyeogopa hutafuta sentensi fupi isiyo na hatari: “The bridge was damaged.” Kielezi hukitupa kabisa, maana asiyeandika kielezi hawezi kukosea mahali pake. Twazisahihisha kazi zake, twaona hazina kosa, twampa vema nyekundu, wala hatuoni kwamba nusu ya ushuhuda wake imepotea.

Mwaijua habari ya Waefraimu katika kitabu cha Waamuzi, walioambiwa kwenye vivuko vya Yordani watamke neno Shibolethi, na kwa kuwa hawakuweza kulitamka sawasawa waliuawa watu 42,000. Wale waliolinda vivuko hawakutaka kumfundisha mtu neno, walitaka kumkamata. Kiingereza kikifanywa kivuko cha namna hiyo, walimu tumekuwa askari wa kivukoni, nasi tuliajiriwa kwa kazi nyingine.

Wengine watatujibu, mkiruhusu Kiswahili katika somo la Kiingereza, watoto hawatakizoea Kiingereza. Jibu letu ni kwamba hatuombi somo lote liwe la Kiswahili. Watoto na wasikie Kiingereza, wakisome, wakiandike, wakikosee, wakirudie. Twaomba tu ya kwamba jambo gumu la maana lielezwe kwa lugha ambayo mtoto aifikiria. Kipofu aliyeshikwa mkono mpaka mlangoni hakuzuiwa kutembea.

Wengine watasema, hayo ni mambo madogo, mtoto akivuka kwenda Kidato cha Kwanza atayajua. Hawa ndio wanaotutia huzuni zaidi. Katika shule za msingi za serikali mafundisho yamekuwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na katika sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kipande hata sekondari, lakini shauri hilo halikufuatwa. Kwa hiyo kizingiti kipo bado, na mtoto wa Dongobesh au wa Endasak hukivuka kwa siku moja. Akifungua kitabu cha kemia, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni maneno haya haya ya kutendwa, kwa kuwa vitabu vya sayansi hupenda kueleza kazi pasipo kumtaja aliyeitenda: “The water was slowly heated”, “freshly cut leaves”, “equally divided”. Asiyejua kwamba “slowly” lagusa kule kupasha moto, na kwamba “freshly” yataka majani yaliyokatwa sasa hivi wala si ya juzi, atafanya jaribio lisilo sawa na kupata jibu lisilo sawa, kisha ataambiwa hana kichwa cha sayansi. Kichwa anacho. Kielezi ndicho alichokosa.

Wako na wengine watakaosema, sisi ni wakulima na wafugaji, karatasi za Kiingereza zatuhusu nini? Ndugu zetu, zawahusu. Tutataja mambo matatu.

La kwanza ni la afya. Watu wetu huenda hospitali, nao wengi wamepata msaada katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom tangu ilipofunguliwa mwaka 1955. Katika nchi hii waganga huandika habari za mgonjwa kwa Kiingereza mara nyingi. Katika ugonjwa wa kifua kikuu hutofautisha mgonjwa aliye “newly diagnosed”, yaani aliyegunduliwa sasa, na aliye “previously treated”, yaani aliyekwisha kutibiwa zamani. Tofauti hiyo ni kubwa, maana kwa mtu aliyetibiwa zamani hatari ya kuwa na vijidudu vilivyozoea dawa ni kubwa zaidi, na yapasa apimwe kwa uangalifu. Maneno “treated” na “diagnosed” hayatoshi peke yake. Maneno madogo yaliyotangulia ndiyo yamwongozayo mganga.

La pili ni la msiba. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ililiporomosha tope, mawe na miti kutoka mlima Hanang, likaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wengi wetu tulizika. Sasa fikirini mtu aandikaye taarifa ya msiba wa namna hiyo kwa wafadhili wa mbali. Akiandika “destroyed” tu, amemweka katika hesabu moja mtu aliyebaki na kuta tatu na mtu aliyebaki na tope tupu. Yapasa aandike “completely destroyed” au “partly destroyed”, kila nyumba kwa haki yake. Tukimfundisha mtoto kuogopa kielezi, kesho atakapokuwa mtendaji wa kijiji atamnyima jirani yake mabati bila kukusudia.

La tatu ni la ardhi. Mwaijua habari ya nyanda za Basotu. Tangu miaka ya 1970 shirika la serikali lililoitwa NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano wilayani Hanang kwa msaada wa Kanada, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao mengi. Katika miaka ya 1980 Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji walilishtaki shirika hilo. Mahakama Kuu iliwasikiliza kwa wema, lakini Mahakama ya Rufani ikaamua kinyume cha kijiji, na moja ya sababu ni kwamba kijiji hakikuonyesha kuwa kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Hatusemi kwamba walishindwa kwa kutojua Kiingereza. Shauri lilikuwa na mambo mengi. Twasema tu kwamba kati ya ardhi iliyokaliwa na ardhi iliyogawiwa kisheria, yaani “lawfully allocated”, pana kielezi kimoja, na kielezi hicho kilikuwa kizito kuliko ng'ombe wote waliolisha pale. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi twashukuru kwa moyo. Hata hivyo sheria nyingi, hukumu nyingi na hati nyingi za miaka iliyopita ziliandikwa kwa Kiingereza, na wajukuu wetu watahitaji kuzisoma.

Basi twataka nini? Hatutaki vitabu vipya wala fedha. Twataka mwalimu, kabla ya kuandika kanuni, awaulize watoto maswali matatu, tena kwa Kiswahili. Swali la kwanza: neno hili lagusa nini, namna ya tendo, wakati wake, mahali pake, au ni hukumu ya msemaji? Swali la pili: kwetu tungelisemaje, na tukilihamisha neno maana yabaki ile ile? Swali la tatu: Mwingereza huliweka wapi? Watoto wakiisha kujibu hayo, ndipo waandike sentensi zao wenyewe juu ya mambo wanayoyaona: daraja la kijijini, ada ya shule, ngano iliyovunwa, ndama aliyepotea. Baada ya hapo, kama mwalimu apenda wimbo, na waimbe. Wimbo wao utakuwa na maneno ndani yake.

Tena twataka mwalimu asahihishe kwa kuuliza. Mtoto akiandika “The bridge was damaged badly”, asimchape wala asimkate alama upesi, maana sentensi hiyo Mwingereza aielewa, na pengine aisema mwenyewe. Na amwambie kwamba nafasi ya kati ndiyo iliyozoeleka zaidi katika maandishi, kisha amwonyeshe. Lakini akiandika “hardly worked”, hapo na asimame, amwulize kwa upole: mwanangu, baba yako alilima au hakulima? Kosa la kwanza ni la mazoea, la pili ni la maana, na mwalimu asiyeyapambanua hayo mawili hawezi kumwambia mtoto lipi limwogopeshe.

Nanyi wazazi, twawaomba neno moja. Watoto wenu wakirudi jioni wakiimba Kiingereza, msifurahie sauti peke yake. Mwambieni mtoto awaeleze kwa lugha ya nyumbani maana ya alichokiimba, kila neno, hata lile dogo. Akiweza, mshukuruni mwalimu wake. Asipoweza, njoni shuleni mtuulize sisi walimu kwa adabu lakini bila hofu, nasi yatupasa kujibu.